Tanki Linaloelekea kwa Jirani

Ipo sentensi moja ambayo ningepewa madaraka hata ya siku moja ningeipiga marufuku jiji zima la Dar es Salaam: "Mzee, hiyo haionekani kwa macho." Fundi akishaitamka, jua kazi imeharibika, hela imeliwa, na mwenyewe ameshakunja kamba yake anatafuta bodaboda. Nyumbani kwangu hakuna kibovu ambacho hakikutanguliwa na sentensi hiyo. Mlango wa choo cha wageni, ambao hujifungua taratibu mgeni akiwa katikati ya shughuli, ulikuwa hauonekani kwa macho. Kigae cha barazani, ambacho kimeshamwangusha katibu wa kikundi cha akina mama pamoja na daftari la michango, kilikuwa hakionekani kwa macho. Sasa imefika zamu ya tanki la maji, na hilo linaonekana mpaka barabarani.

Ni tanki la plastiki, jeusi, la lita 3,000, limesimama nyuma ya nyumba karibu na jiko la nje. Nasema limesimama kwa kulistahi tu. Wenzetu wanaofungua koki saa yoyote wakakuta maji wanaweza kuiruka aya hii. Sisi wa huku kwenye vilima vya Goba maji ya bomba hutujia kwa zamu, na zamu yenyewe hupenda saa nane za usiku. Kwanza bomba linakohoa upepo, halafu linatema maji mekundu, ndipo linatoa maji ya watu. Usipokuwa na tanki utayasikia tu yakipita kwenda kwa wenye matanki. Asubuhi utampigia simu mtu wa boza, naye atakwambia yupo njiani, hali unasikia kabisa shuka likivutwa. Kwa hiyo tanki kwetu ni mkuu wa kaya msaidizi. Mimi nikisafiri watoto hawaulizi nitarudi lini. Tanki likikauka nyumba nzima inakosa adabu.

Kitu cha cheo hicho hukiweki juu ya udongo hivi hivi. Kinajengewa jamvi la zege. Basi nilimwita fundi, kijana mchangamfu mwenye maneno matamu, akaja na mwiko, karai, koleo na saidia fundi wake aliyekuwa na simu mbili na kiatu kimoja kizima. Nikamuuliza, "Fundi, pima maji iko wapi?" Akanitazama kwa huruma. "Mzee, mimi nina jicho." Akalitumia papo hapo nilione: akachuchumaa, akafumba la kushoto, akakodoa la kulia, akanyoosha mkono na kutangaza kwamba hapo pako sawa. Pako sawa! Pale ambapo mpira wa watoto ukidondoka tunakwenda kuuokota kwa mjumbe!

Jamvi likamwagwa siku hiyo hiyo. Upande wa bondeni, ule wa jirani, ulijazwa kifusi ili ulingane na upande wa mlimani. Kifusi kikashindiliwa kwa kukanyagwa na kile kiatu kizima, na zege likapanda juu yake. Jioni nikasema naona kama kona ile imeshuka. Hapo ndipo sentensi ile ikatoka. Nikalipa, nikabakiza kidogo mfukoni, maana na mimi nimekulia mjini.

Masika yalipopita, mama watoto akaniita uani. "Baba watoto, njoo ushuhudie. Tanki linataka kwenda kumsalimia jirani."

Na kweli lilikuwa linakwenda. Ukisimama mlangoni kwa jiko unaliona limeelekeza kichwa kwenye ukuta wa jirani, limetulia kabisa, linasubiri kukaribishwa. Nikampigia fundi. Alikuja, jambo ambalo nakiri si la kawaida, lakini alikuja kwa sababu alidhani namwitia hela iliyobaki. Akaliangalia tanki kwa jicho lile lile. Kwanza akasema haionekani kwa macho. Nilipomwekea chungwa juu ya zege likabingirika mpaka likaanguka, akasema alilaza makusudi ili maji ya mvua yatiririke. Nilipomuuliza mbona hakusema siku ile, akasema ardhi ndiyo imecheza, na ardhi ni kazi ya Mungu, na yeye hawezi kumjibia Mungu. Utetezi wa aina tatu kwa jamvi moja. Huyu bwana amepotea, alipaswa awe wakili.

Nieleze kwanza ninacholalamikia, maana pale kijiweni wapo wanaodhani nalilia urembo.

Tanki lina tundu la chini ambalo ndilo linalopeleka maji ndani ya nyumba, na lina tundu la juu la kumwagikia, ili yakizidi yatoke kistaarabu. Fundi bomba wangu, ambaye naye ana jicho, alifunga la kutolea upande wa mlimani na la kumwagikia upande wa bondeni. Tanki likisimama wima hilo halina neno. Likiinama, maji yenyewe hayainami. Uso wa maji hulala sawa hata chombo kikae mkao wa namna gani. Kwa hiyo juu, upande wa bondeni, maji yanalifikia tundu la kumwagikia na kuanza kumwagika wakati upande wa mlimani bado kuna nafasi tupu. Na chini, maji yakipungua, tundu la kutolea linabaki kavu huku maji yamejikusanya upande wa pili, unayaona ukichungulia na tochi, lakini hayaji. Tanki lina kipenyo cha mita moja na nusu hivi, na kama ilivyokuja kupimwa baadaye, upande mmoja ulikuwa umezidiwa na mwenzake kwa sentimita nne na nusu. Fanya hesabu: karibu lita 40 zinakataa kuingia juu na nyingine 40 zinakataa kutoka chini. Ndoo nne kubwa za lita 20. Mimi nilinunua tanki la lita 3,000, sikununua la lita 2,920.

Hayo ni ya mfukoni. Ya kutisha ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki langu likijaa ni tani tatu, sawa na gari mbili aina ya Noah zimepandana juu ya zege la mita mbili kwa mbili. Likinyooka, mzigo unagawanyika. Likiinama, upande wa chini unabebeshwa zaidi, nao ndio ule ule wenye kifusi cha kiatu. Halafu tazama uhuni wa jambo lenyewe: tundu la kumwagikia liko upande huo huo. Kila zamu ya maji linamwaga palepale penye udongo dhaifu. Udongo unalowa na kulainika, jamvi linazama kidogo, tanki linainama kidogo, na kwa kuwa limeinama zaidi linamwaga mapema zaidi kuliko jana. Tanki lilikuwa linajichimbia, usiku kucha, kwa maji yangu, kwa bili yangu, mimi nikiwa nimelala nafurahia mlio wa maji yanaingia.

Habari zikafika kijiweni. Sijui zinafikaje, lakini kijiwe cha kahawa cha mtaa wetu kinajua hali ya uani kwangu kabla yangu. Nilichogundua ni kwamba nchi hii haina upungufu wa wahandisi. Upungufu ni wa kazi za kupewa. Dereva mmoja mstaafu akasema nilete jeki ya lori, niinue kona, nichomeke tairi. Mwingine akasema vipande vya vigae, viko vingi, vimebaki kwa shemeji yake. Wengi wao, na hawa ndio hatari, wakasema maneno yale ambayo nadhani yameangusha mengi kuliko tetemeko: "Si uweke tu kipande cha mbao?"

Kipande cha mbao! Tanki la plastiki linataka kitako chake chote kilale juu ya kitu kigumu na cha sawa. Ukilichomekea mbao upande mmoja, unaacha uwazi chini yake, na tani tatu za maji zinaning'inia juu ya uwazi huo. Plastiki inabonyea, inachoka, na siku moja inapasuka, kwa kawaida siku ambayo umetoka kulijaza. Na hiyo ni kama mchwa hawajaifikia mbao. Mchwa wa Goba nawajua, wamekula fremu ya picha ya harusi yangu wakabakiza misumari. Niliyaeleza haya yote kwa utulivu. Wakanisikiliza, wakatikisa vichwa, wakasema basi weka mbao mbili.

Kijana wa vocha, ambaye ana bando na ana muda, akatuletea mfano wa mbali: mnara wa Pisa, Italia. Akatusomea kwenye simu kwamba walianza kuujenga mwaka 1173, ukaanza kuinama ukiwa bado na ghorofa chache tu, kwa sababu udongo wa upande mmoja ulikuwa laini. Mwaka 1990 waliufunga kwa kuhofia utaanguka, na ulipofunguliwa tena 2001 ulikuwa umerudishwa kama sentimita 45. Kijiwe kikanyamaza. Waliurudishaje? Kumbe upande ulioshuka hawakuugusa. Walichomoa udongo kidogo kidogo chini ya upande uliobaki juu, mnara ukakaa ukarudi wenyewe. Ikapitishwa kwa kauli moja, kahawa mkononi, kwamba nikachimbe upande wa mlimani. Nikawakumbusha kwamba wale walikuwa na kamati ya wataalamu, mitambo na vipimo vya kila siku, na mimi naambiwa nitumie jembe la kuazima. Tena mnara wa Pisa watu wanakata tiketi kwenda kuushangaa. Kwangu anakuja jirani peke yake, haleti kitu, na anaondoka na lawama.

Ingawa jirani nampa haki yake. Ni mstaafu mwenye nidhamu, ukuta wake ameupaka rangi vizuri, na kila asubuhi alikuwa anakuta tani tatu za mtu mwingine zimesogea. Alianza kuniamkia kwa kuuliza hali ya tanki kabla ya hali ya watoto.

Usiku mmoja akapiga simu shemeji yangu anayeishi Minnesota, Marekani, kaka yake mama watoto. Sijui alisimuliwa nini na dada yake. Alipiga ya video, kwao jua bado linawaka, kwetu ni usiku, akiwa uani kwake amesimama kando ya lijibeseni. Hilo ndilo beseni la maji moto la uani, lile ambalo watu wazima sita huingia na nguo za kuogelea wakakaa wamezungukana, maji yana joto la nyuzi 38, huku theluji inawaangukia vichwani kwa hiari yao. Vitu hivi vilianzia kwenye pampu. Ndugu wa familia ya Jacuzzi, Waitaliano waliohamia California, walitengeneza kwanza rafadha za ndege, halafu pampu za maji, na katika miaka ya 1950 mmoja wao akabuni pampu ya kuchezesha maji ndani ya bafu kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa akiteswa na ugonjwa wa viungo. Jambo la huruma kabisa. Lililofuata baadaye, la kukaa uani na kinywaji, sina maelezo yake.

"Shemeji," akaniambia, "usijione peke yako. Langu nalo limeinama."

Akageuza simu. Weee! Upande mmoja maji yanakaribia kumwagika, upande wa pili mashine inanyonya hewa na kulia. Beseni la namna hiyo huchukua lita 1,500 hivi. Ongeza uzito wake lenyewe na wa wale watu sita, unapita tani mbili. Shemeji alilikalisha juu ya vigae vya bustani vilivyopangwa kwenye mchanga. Kwao baridi inapoingia, maji yaliyomo ardhini yanaganda, na yakiganda yanapanuka na kuinua udongo. Kukipata joto yanayeyuka na udongo unashuka, lakini haushuki sawasawa. Beseni likabaki limeinama upande mmoja. Naye majirani zake wakamwambia nini? Weka kipande cha mbao. Nilicheka mpaka mama watoto akaja kuangalia. Kumbe lile ni jambo la dunia nzima, hata kwa wenye theluji. Tofauti ni kwamba kule mtengenezaji ameandika kabisa kwenye karatasi kwamba ukilichomekea vibao likapasuka, usimpigie simu.

Akanieleza kwamba huko yapo makampuni ambayo zege likizama yanatoboa matundu madogo, yanasukuma chini yake povu linalopanuka na kuwa gumu, na zege linapanda lenyewe taratibu huku fundi akitazama kipimo. Wanamaliza kabla ya chakula cha mchana. Akataja na gharama, kwa dola. Nilipoibadilisha kichwani kwa shilingi nikamwomba asiirudie, dada yake anasikia. Binti yangu, ambaye alikuwa amechungulia begani kwangu muda wote, akauliza kwa nini sisi hatuna beseni kama lile. Nikamwonyesha ndoo.

Mwishowe nikampata mzee mmoja wa makamo ya baba yangu mdogo, fundi wa siku nyingi, mwenye kofia ya ukindu na maneno machache. Huyu hakutazama tanki. Aliuliza, "Kuna mtoto mwenye mikono isiyotetemeka?" Akatoa kwenye kiroba mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita kumi hivi, akaujaza maji, akaugongagonga kwa kidole mpaka mapovu yote yakatoka, kwa sababu hewa ikinaswa katikati kipimo kinadanganya. Ncha moja akamshikisha mwanangu kwenye kona ya mlimani, nyingine akaishika yeye kwenye kona ya bondeni. Maji ya ncha mbili za mpira mmoja hukaa kimo kimoja, uwe na digrii au usiwe nayo. Akaweka alama, akashusha futi kamba: kutoka alama hadi zege, mlimani sentimita 40, bondeni 46. Sentimita sita kwa jamvi la mita mbili.

Hakuna kelele, hakuna jicho. Kifaa chenyewe kinauzwa kwa mita kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, na thamani yake haifikii soda alizokunywa saidia fundi wa kwanza.

Nikamuuliza kama tunaweza kumwaga zege jingine juu kuziba tofauti. Swali la kubana matumizi, msinishangae. Akasema upande mmoja zege hilo litakuwa na unene wa sentimita sita na upande mwingine litaishia milimita mbili, na hapo kwenye milimita mbili litameguka lote. "Halafu chini bado panazama. Utakuwa umemvalisha mgonjwa shati jipya." Kwa hiyo maji yatolewe, tanki lishushwe, jamvi livunjwe, tuone kuna nini chini.

Sasa tazama bahati yangu. Bomba ambalo lilikuwa limetususa liliamua kutoa maji usiku wa kuamkia siku hiyo, tena kwa nguvu, maji meupe, tanki likajaa kiasi linachokubali kujaa. Asubuhi nikafungua koki ya chini kuyamwaga. Kumwaga maji Goba ni tangazo. Kabla sijamaliza kukunja suruali walishafika akina mama wenye ndoo, vijana wenye toroli, na muuza chipsi mwenye pipa ambalo sikuwahi kujua analo. Jirani yangu alikuja na kila alichokuwa nacho, mpaka beseni la kuogeshea mjukuu, na vilipojaa vyote akaazima na madumu yangu. Mtu aliyeninunia kwa sababu ya tanki ndiye aliyefaidi maji yake kuliko mtu yeyote mtaani. Yale yaliyobaki chini, ndoo zangu mbili za upande wa pili, tulilazimika kuliinamisha tanki kinyume ili yatoke. Hata siku ya mwisho yalileta ubishi.

Jamvi likavunjwa kwa nyundo kubwa na tindo. Upande wa mlimani lilisumbua. Upande wa bondeni lilivunjika kirahisi kupita kiasi, na chini yake palikuwa na uwazi ambao mkono unaingia. Yule mzee akachimba. Kikatoka kifusi. Chini ya kifusi ikatoka mifuko ya nailoni, chupa, mifupa ya mbuzi, redio isiyo na tumbo, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Lilikuwa shimo la taka la mtu. Aliyeniuzia kiwanja aliapa mbele ya mashahidi kwamba ardhi hii ni mwamba mtupu, nikitaka nijenge ghorofa. Mzee akainua ile kandambili kwa ncha ya koleo, akanionyesha. "Mwamba wenyewe ndio huu."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama inavyotakiwa, na kazi inayokwenda vizuri haina masimulizi. Taka zote zilitolewa. Shimo likajazwa kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa gogo zito lenye mpini, mpaka mikono ya vijana ikaota malengelenge. Yakaja mawe, ikaja nondo ya milimita 12 iliyofungwa kwa waya, zikafungwa mbao pembeni, na mpira ukapita kwenye kila kona kabla ya zege na baada ya zege. Zege lenyewe lilikuwa karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto, unene sentimita 15, na jamvi likazidi upana wa tanki pande zote. Nilimuuliza mzee kama sentimita 15 si nyingi. Akaniuliza kama tani tatu si nyingi.

Tukio moja tu ndilo lililoharibu hali ya hewa. Zege likiwa bado bichi, limelainishwa vizuri, kuku wa jirani aliruka ukuta akalivuka kutoka kona hadi kona, kwa madaha, akasimama katikati akafikiri, halafu akaendelea. Nyayo zake ziko pale hadi leo. Mzee alipima tena kwa mpira na kuniarifu kwamba kuku hakubadilisha kipimo. Nilitaka fidia, jirani akasema kuku si wake, siku ya Idi akamchinja.

Kilichotutesa ni kusubiri. Zege halikauki tu kwa jua kama nguo. Linataka maji ili likomae, kwa hiyo lilifunikwa magunia na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba, na nguvu yake huhesabiwa ikifika siku ya 28. Yaani nyumba isiyo na tanki, isiyo na maji, ikawa inanunua maji ya dumu na kuyamwagia zege. Watoto wakioga kwa kopo, zege linaoga kwa ndoo. Nilipomweleza mama watoto kwamba tanki halitajazwa mpaka siku ya 28 itimie, aliniuliza kama zege nalo lina likizo ya uzazi. Mzee hakulegeza. Alisema ukilipandisha mzigo kabla halijakomaa utaniita tena, na mimi sitakuja.

Tanki limepanda. Tundu la kumwagikia sasa limefungwa bomba linalopeleka maji mbali, kwenye mpapai, ambao umenenepa ghafla. Zamu ya kwanza ya maji ilipokuja niliamka saa nane na tochi, nikapanda ngazi, nikachungulia. Maji yalifika juu sawasawa pande zote, na yalipofika ukomo floti ikafunga. Ndoo zangu nne zimerudi kazini.

Juzi yule kijana wa jicho alipita na bodaboda. Akasimama, akachungulia getini, akachuchumaa, akafumba la kushoto. "Unaona, mzee? Si nilikwambia ardhi itatulia yenyewe?" Kisha akaulizia ile hela iliyobaki. Nimemwambia aje nayo pima maji, tutazungumza. Hajarudi, nami sina haraka naye.

Nilicho na haraka nacho ni kingine. Jirani, najua gazeti hili unalisoma, tena huwa unaniazima langu. Madumu yangu mawili ya njano uliyochukulia maji siku ile bado yako kwako, nyuma ya banda la kuku. Nayaona kwa macho.